UZI: Gari la kujiundia mtindo wa Lotus Seven, dereva mrefu anaingiaje? Anzeni na makalio kabla ya miguu

Twiga_Midlands (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wenzangu wenye urefu wa kupitiliza wanaotamani hivi vigari vidogo vya kujiundia nyumbani, maana swali linarudi kila mara na majibu ni yale yale, sogeza kiti nyuma, au tafuta gari lingine. Mimi nina mita 1.93, kiatu namba 47, nipo Uingereza huku Midlands, na nimechukua chasisi iliyokuwa imeshaundwa nusu na bwana mmoja wa mita 1.70 na kidogo. Yeye alikuwa anaenea bila shida. Mimi kuingia tu, magoti yameshika usukani, vidole vya miguu vinagusa bomba la juu la chumba cha pedeli, na kichwa kimepita rolba, lile bomba lililopinda nyuma ya dereva la kumlinda gari likibinuka. Yaani mambo matatu kwa mpigo, kila moja lina dawa yake, ila namna ya kuzipanga hizo dawa ndiyo inaamua kama utapata gari la kuendesha au utabaki na chuma kilichokatwakatwa.

Kwa wageni wa haya magari: Colin Chapman wa Lotus alilitoa Seven mwaka 1957, gari jepesi la watu wawili, na watu wengi walilinunua likiwa vipandevipande wakaliunganisha wenyewe, kwa sababu Uingereza wakati ule gari zima lilikuwa na kodi ya ununuzi na vipande havikuwa nayo. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham wakachukua haki za kulitengeneza na mpaka leo wanaendelea. Halafu 1996 Ron Champion akatoa kitabu cha kumwelekeza mtu wa kawaida kuunda chasisi ya namna hiyo kwa skwea paipu ya milimita 25 na mashine ya kuchomelea, injini na giaboksi unatoa kwenye Ford Escort iliyochoka. Haya ya ukoo huo ndiyo yanaitwa Locost. Langu ni hilo, ila vyuma vingi vimetoka kwenye Ford Sierra.

Udogo wake ni wa makusudi. Gari jepesi, fupi, la chini, kila sentimita imebanwa. Kwa hiyo mtu mrefu hapati nafasi ya bure popote, anaihamisha tu kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na lazima ujue unamnyang'anya nani.

Kabla hujashika grainda, jipime umekaa. Urefu wa kusimama hausaidii kitu hapa. Watu wawili wa mita 1.90 mmoja ana mgongo mrefu mwingine ana miguu mirefu, hao wanahitaji magari mawili tofauti kabisa. Kaa chini kwenye ubao, mgongo ukutani, vaa viatu utakavyoendeshea na helmeti kama unayo, mtu akupime kutoka ubaoni hadi juu ya helmeti, ubaoni hadi begani, ukutani hadi kisigino mguu ukiwa umekunjika kidogo vile unavyokanyaga klachi mpaka mwisho, upana wa mabega, na urefu wa kiatu. Mimi kukaa tu nina mita 1 kamili, helmeti inaongeza kama sentimita 4. Hizo namba ziandike kwa chokaa ukutani gerejini kwako, utazirudia kila siku.

---

Gerezani_Kwetu

Mkuu uzi mzuri huu. Swali la haraka, kwa nini usisogeze kiti nyuma tu? Magari ya kawaida ndo tunavyofanya, ukirefuka unavuta reli basi.

---

Twiga_Midlands

Mkuu kwenye gari hili nyuma ya kiti kuna ukuta, na nyuma ya ukuta ni difu na ekseli. Hakuna kiti cha nyuma cha kula nafasi yake. Mgongo wako tayari umeegemea ukuta, kati yako na chuma ni ngozi ya kiti tu.

Sasa hapo ndipo watu wanakimbilia dawa ya pili, kulaza mgongo. Inaonekana ya bure, kichwa kinashuka, unajisikia upo kwenye gari la mashindano. Ila ipigie hesabu. Ukitoka nyuzi 15 kwenda nyuzi 25 kutoka wima, mtu wa saizi yangu kichwa kinashuka kama sentimita 4. Lakini mabega hayawezi kwenda nyuma maana ukuta upo pale pale, kwa hiyo kinachosogea ni makalio, yanakuja mbele, na yanakuja karibu sentimita 10. Umepata 4 kichwani umepoteza 10 za miguu. Magoti yanazidi kupanda, yanaingia kwenye usukani, na hapo ndo mtu anaanza kukata dashibodi bure.

Kushusha makalio ni tofauti. Kila sentimita utakayoshuka kwenda chini ni sentimita kamili kichwani, mabega yanashuka nayo, mapaja yanapata hewa chini ya usukani, na miguu haijadaiwa chochote. Ndiyo maana nasema tuanze na makalio. Nimeona magari mawili matatu huku ya watu warefu, pedeli zimesogezwa mbele kwa kazi kubwa, chumba cha miguu kimeundwa upya, na dereva bado anachungulia juu ya fremu ya kioo maana hakuna aliyegusa pale alipokalia.

---

MzeeWaSpana

Mdogo wangu umeongea vizuri. Mimi nimeunda haya magari huku tangu enzi za Escort bado zinapatikana skrapa kwa bei ya kutupa. Niongeze kitu, kabla ya kushusha sakafu toa reli za kiti kwanza. Reli na mabano yake zinakula sentimita 3 hadi 4 na gari lina dereva mmoja tu, unasogeza kiti kwenda wapi? Funga kiti moja kwa moja. Na kiti chenyewe kitazame, viti vingi vya mitumba vina sponji nene chini ambayo haina kazi. Bolti za kiti zisiingie kwenye bati la sakafu peke yake, ziingie kwenye bomba la chasisi au kwenye sahani ya chuma iliyochomelewa kwenye mabomba pande zote mbili. Bati peke yake linachanika.

---

Twiga_Midlands

Shikamoo mzee, hiyo ya reli ndiyo niliyoanza nayo. Na baada ya reli nikatupa kiti kizima, nikaenda kwenye kiti cha povu, acha niieleze maana watu wanaiogopa.

Unanunua kemikali mbili za maji zinazovimba zikichanganywa, polyurethane. Unachukua mfuko mkubwa mzito wa takataka, unaulaza ndani ya sehemu ya kiti, unatandika mwingine juu yake, kingo zote unazibana kwa tepu ili povu lisitoroke kwenye taneli ya giaboksi. Unachanganya kidogo, unamimina, unaingia, unakaa. Hapo hapo mikono iwe kwenye usukani, mguu wa kushoto uikanyage klachi mpaka chini, mgongo uubane ukutani kwa nguvu, maana povu lina nguvu ya kukuinua, ukilegea litakupandisha na utapoteza kile ulichokuwa unakitafuta. Unalisikia linapanda kwenye mbavu, linapata joto, halafu linakuwa gumu. Anza na upande wa mgongo na mbavu, likikauka ndipo umimine kidogo chini ya mapaja. Chini ya makalio kabisa acha tupu, au bati na kitambaa tu. Ukimaliza unalichonga kwa kisu cha mkate, unalizungushia tepu ya kitambaa, basi, umepata kiti kinachokushika kila mahali na hakina unene wowote pale unapouogopa.

Mambo mawili msiyachukulie kirahisi. Moja ya zile kemikali ni isosayaneti, mvuke wake unaharibu mapafu, fanyeni nje kwenye hewa, na barakoa ya kemikali, ile ya vumbi haizuii kitu, na glovu. La pili, usiweke sponji laini chini ya makalio kwa ajili ya starehe. Gari likigonga unaizamia ile sponji, mkanda wa kiunoni unalegea na unapanda kutoka kwenye mfupa wa nyonga kwenda tumboni, na tumbo halina mfupa wa kubeba mzigo ule.

Kwangu mimi, kutoa reli na kile kiti na kukaa kwenye povu kulinipa zaidi ya nusu ya nilichohitaji, na sijagusa chasisi.

---

Gerezani_Kwetu

Hapo nimeelewa. Na hiyo nusu nyingine ndo sakafu? Naomba ueleze taratibu maana mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, nataka kujua mnakata wapi.

---

Twiga_Midlands

Sawa mkuu, hii ndiyo yenyewe.

Kwanza lala chini ya gari, gari likiwa kwenye matairi yake na uzito wake, uangalie kitu gani kipo chini kuliko vyote. Kwenye haya magari mara nyingi ni sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Weka rula ndefu chini ya sampu, ielekee nyuma mpaka chini ya kiti ikiwa sambamba na ardhi, nafasi iliyopo kati ya hiyo rula na sakafu ndiyo mali yako, usiivuke. Sakafu ikiwa chini kuliko sampu maana yake wewe ndo utakuwa wa kwanza kugonga jiwe. Wengi wanapata milimita 25 hadi 40 hivi. Caterham wenyewe wanauza magari yao na sakafu iliyoshushwa kama chaguo la mteja mrefu, kwa hiyo si jambo la kienyeji.

Pili, usikate bomba. Mabomba yale ya chini ya chasisi, ya pembeni na yale yanayopita katikati mbele na nyuma ya kiti, ndiyo yanayozuia gari lisijikunje. Unachokata ni bati lililopo katikati ya mabomba, unabaki na dirisha la mstatili, na ndani ya lile dirisha unaning'iniza trei. Trei unaikunja kwenye mashine ya kukunja bati, chuma cha milimita 2, kuta nne na sakafu, na mdomo wa juu unaokalia mabomba. Bati la alumini la ribiti liache kwa hii sehemu, hapa ndipo mtu mzima anakalia na ndipo kiti kinafungwa.

Ukuta wa mbele wa trei usiusimamishe wima. Ulaze, uteremke kwa mteremko mrefu kutoka mbele kwenda nyuma, ili siku ikigusa kitu barabarani gari lipande juu yake, lisijikwae na kukunja trei. Kona ya nyuma toboa tundu la maji, gari halina paa hili, mvua ya huku inajaza trei na utakalia bwawa. Kuchomelea nenda vipande vifupi vifupi, sentimita 2 kulia, 2 kushoto, mbele, nyuma, uache ipoe, wewe fundi mageti unajua bati likipata joto upande mmoja linavyojikunja. Ukimaliza praima ndani na nje siku hiyo hiyo.

Mimi nilitoka na milimita 35. Ukijumlisha na kiti kilichotoka, nyonga yangu ipo chini kiasi kwamba nikinyoosha mkono nje nashika lami.

---

Gerezani_Kwetu

Asante sana mkuu, nimesevu. Ila kwa Dar hapa hiyo ya trei naona haifai, matuta yetu unayajua, mengine yameinuka kama ukuta, na barabara za mitaani ndo usiseme. Nikijenga huku nifanyeje?

---

Twiga_Midlands

Kweli kabisa, kwa matuta yale usishushe sakafu hata milimita moja. Ila wewe una bahati moja kubwa, bado hujakata paipu. Mimi nahangaika kwa sababu chasisi ilikuja imeshachomelewa. Wewe jenga kubwa toka mwanzo. Kuna ramani maarufu wajenzi wanaiita 442, imeongezwa inchi 4 urefu, inchi 4 upana na inchi 2 kimo kuliko ile ya kitabu. Caterham nao walipoona wateja wanarefuka na kunenepa wakatoa chasisi ya SV, pana kwa milimita 110 kuliko ile ya kawaida. Mtu anayeanza na mabomba mapya hana sababu ya kunakili gari la mwaka 1957 sentimita kwa sentimita. Sogeza ukuta wa nyuma na ekseli, refusha propela, inua mabomba ya pembeni, na uzito utakaoongezeka ni kilo chache tu.

Na kabla ya paipu jenga kwa mbao. Kiukweli kabisa. Plaiwudi, kadibodi na skrubu, unda sakafu, ukuta wa nyuma, taneli, ubao wa pedeli, na fimbo yenye usukani mwishoni. Kaa humo jioni nzima usikilize redio. Kama kiuno kinauma kwenye mbao kitauma kwenye chuma.

---

Kanda_la_Juakali

Niaje wasee. Mimi niko Nairobi, mume wangu ako na futi sita na inchi nne, mimi niko na futi tano na inchi tatu, na sisi wote tunataka kuendesha hii gari moja. Tumenunua skwea tubu tayari, hatujaanza kukata. Sasa mkisema kiti kifungwe bila reli, mimi nitafikia pedeli aje?

---

Twiga_Midlands

Dada karibu sana, swali lako limebeba kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa kwenye maelezo. Jenga gari kwa yule mrefu, halafu mfupi apewe kitu cha kuongeza. Kinyume chake hakiwezekani, mtu mrefu huwezi kumpunguza. Utatengeneza povu lako mwenyewe, zima, mgongo na makalio, linalokaa juu ya lile la mumeo na linatoka kwa mkono mmoja. Mashindano ya saa 24 ya Le Mans madereva watatu wanapokezana gari moja na ndivyo wanavyofanya, kila mmoja ana kipande chake cha kiti, anakichomoa akishuka. Lako lishonee mkanda wa kulifunga lisirukeruke, na liwe gumu, lisiwe sponji la godoro.

Pedeli nazo zifunge kwenye sahani yenye matundu ya safu tatu, unahamisha kwa bolti mkipeana gari kwa muda mrefu.

---

MzeeWaSpana

Hapo kwenye pedeli naomba niingilie, maana watu wanaumia. Mtu mrefu anataka pedeli ziende mbele. Sawa. Hamisha boksi zima, pedeli na egemeo lake na masta silinda zake, zile pampu za mafuta ya breki na klachi. Usikate mkono wa pedeli ukaupinda au ukaurefusha ili kikanyagio kisogee. Mkono wa pedeli ni wenzo. Kama kutoka kwenye egemeo hadi kwenye kikanyagio ni milimita 250, na kutoka egemeo hadi kwenye fimbo ya masta silinda ni 50, nguvu ya mguu inazidishwa mara 5. Ukiufupisha mpaka 200 inakuwa mara 4, breki imekuwa ngumu ghafla na gari halina busta ya kuusaidia mguu. Ukiurefusha breki inakuwa laini lakini pedeli inasafiri mbali, inaweza kufika mwisho kabla breki haijashika. Na kuchomelea mkono wa pedeli ya breki mimi siungi mkono hata kwa fundi hodari.

---

Twiga_Midlands

Mzee umesema kweli tupu. Mimi boksi nimelisogeza mbele milimita 40, mabomba ya breki nikayatengeneza upya badala ya kuyavuta. Zaidi ya hapo haliendi, mbele kuna bomba la sasupenshen na pembeni kuna belihauzi, ile kava pana ya mbele ya giaboksi inayofunika klachi, inaingia.

Tatizo lililobaki na kiatu 47 si urefu tena, ni upana na kimo. Chumba cha miguu cha Seven ni chembamba kinavyoingia mbele. Hakikisha ukikanyaga breki kwa nguvu kiatu hakigusi eksileta, na mguu ukitoka kwenye klachi una mahali pa kupumzika. Hapa kiatu chembamba cha mashindano kinafanya kazi kuliko grainda, soli ya kawaida ina unene na kingo zinazotokeza pembeni. Vidole vikigusa juu, weka kizuizi cha kisigino, engo ndogo tu iliyofungwa sakafuni, kisigino kinakaa pale pale kila siku na vidole vinakanyaga katikati ya pedeli badala ya kutambaa juu.

Halafu usukani. Ule wa Sierra ni mkubwa mno, wajenzi wengi wanaweka wa milimita 280 hadi 350. Kwa mrefu chukua ule uliokatwa chini, wenye umbo la D, na boksi lake la kuchomoa haraka, maana kuingia na kutoka ukiwa na mapaja marefu bila kuchomoa usukani ni mateso. Usukani mdogo unakuwa mzito kidogo mkononi lakini gari lenyewe ni kilo 600 hivi kwa hiyo huhitaji usukani wa pawa. Kipimo cha umbali, mabega yaguse kiti, nyoosha mkono, kifundo cha mkono kikalie juu ya usukani bila bega kuachia. Kama usukani upo mbali au karibu, badilisha nafasi ya bano au weka spesa ya boksi. Fimbo ya usukani usiikate na kuichomelea. Ile ya Sierra imeundwa ijikunje gari likigonga, ukiichomelea umeigeuza mkuki unaoelekea kifuani.

---

Kanda_la_Juakali

Asanteni sana, nimeshika. Na ile stori ya kichwa na rolba? Mume wangu ndiye ananipa wasiwasi, kichwa yake lazima itapita.

---

Twiga_Midlands

Dada hii ndiyo nimeiacha ya mwisho kwa makusudi, kwa sababu rolba inapimwa baada ya kila kitu kingine kutulia. Ukiiunda kabla ya kushusha makalio utaiunda mara mbili.

Mtu akae amefunga mkanda, helmeti kichwani. Sehemu ya juu ya rolba ipite helmeti kwa milimita 50 angalau. Kama gari lina bomba la mbele pia, weka fimbo ndefu iliyonyooka kutoka juu ya la nyuma hadi juu ya la mbele, helmeti iwe chini ya fimbo. Ikigusa, gari likibinuka kinachogusa lami kwanza ni kichwa.

Na tafadhali sana, wote mliopo nyumbani, isiwe paipu ya maji. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa bomba kuu wanataka chuma kisicho na mshono, cha milimita 45 kwa unene wa 2.5 au 50 kwa 2.0, na liwe na miguu miwili ya kuegemea inayokwenda nyuma kwenye chasisi. Paipu ya maji ina mshono, na ukiikunja inabonyea kwenye kona. Rolba fupi usiiongeze kipande juu. Itoe, unda nyingine kutoka bomba moja lililokunjwa kwa mashine.

Mkanda unakwenda pamoja na rolba. Mikanda ya mabega ikitoka begani kwenda nyuma iende sawa au iteremke kidogo tu. Mtu mrefu kwenye gari la mtu mfupi mabega yake yapo juu kuliko bomba la mkanda, kwa hiyo mikanda inateremka kwa ukali, na ajali ikitokea inamkandamiza uti wa mgongo kwenda chini. FIA mwisho wao ni nyuzi 45 na wanashauri iwe karibu na usawa kadiri inavyowezekana. Huku kwetu ukipeleka gari kwenye ukaguzi wa IVA, ule unaofanyiwa gari la kujiundia kabla ya kupewa namba, wanapima pia kwamba mshikio wa juu upo milimita 450 au zaidi kutoka kwenye kiti. Na unaona tena makalio yalivyo na maana, mimi niliposhuka mabega yakashuka karibu na bomba na pembe ya mkanda ikajirekebisha yenyewe. Mkanda wa kiunoni nao upime upya baada ya kushuka, ukae juu ya mifupa ya nyonga. Bolti ya mkanda ni ya inchi 7/16, uzi wake wa aina ya UNF, iingie kwenye nati nene iliyochomelewa kwenye bomba, kwenye bati hapana.

---

Gerezani_Kwetu

Na kioo cha mbele mkuu? Umesema ulikuwa unachungulia juu ya fremu.

---

Twiga_Midlands

Sikuwa mimi, ni wale niliowaona, ila ningeishia huko huko. Fremu ya juu ya kioo cha Seven kwa mtu mrefu inakuja sawa sawa na macho, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote, kila kona unainama au unanyoosha shingo. Macho yawe chini ya fremu kwa kiasi cha kutosha, au uondoe kioo kizima uweke kile kidogo cha kupindisha upepo na uendeshe na helmeti au miwani. Katikati hapana. Mimi baada ya trei macho yapo chini ya fremu kwa vidole vinne, kioo kimebaki.

---

MzeeWaSpana

Kijana kazi yako naipenda. Kitu kimoja, ukaguzi wa IVA wanapitisha mkono kwenye kingo zote, nje hawataki ukingo ambao mviringo wake una nusu kipenyo (radius) chini ya milimita 2.5, na huko ndani ile boksi ya kuchomoa usukani na bano jipya uliloweka chini ya dashibodi vina kona. Vizungushe kwa faili na uvivike mpira kabla hujaita gari la kubeba.

---

Twiga_Midlands

Nimepokea mzee, bano nalitoa kesho nikalipige faili.

Dada wa Nairobi, kabla hamjakata hiyo tubu nitumie namba tatu za mumeo: ubaoni hadi juu ya helmeti, ukutani hadi kisigino akiwa amekanyaga, na upana wa mabega. Na urefu wa injini mtakayotumia pamoja na giaboksi yake. Nikizipata nakuchorea ukuta wa nyuma uwe wapi na pedeli ziwe wapi, naweka mchoro hapa hapa ili na wengine wauone.

---

Kanda_la_Juakali

Injini ni ya Toyota, 4A-GE na giaboksi yake ya T50. Futi iko hapa, akirudi jioni namkalisha kwa ubao nampima nakutumia.